Foklifti na kuli wasigombee uwanja mmoja

Katika maghala mengi ya Dar es Salaam, foklifti, lori na makuli hutumia uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Ajali ikitokea, husemwa aliyegongwa hakuwa makini. Maelezo hayo hayatoshi.

Foklifti ya kubeba tani 2.5 huwa na uzito wa karibu tani 4 hata ikiwa tupu. Hukata kona kwa magurudumu ya nyuma: ikielekea kushoto, nyuma yake husogea kulia ghafla. Mzigo ukiwa mrefu, dereva haoni mbele. Anayebanwa kati yake na bodi ya lori anaweza kuvunjika nyonga na kuvuja damu kwa ndani. Kofia ngumu haimsaidii.

Kinga ya kweli ni mpangilio. Kabla ya kupakua, dereva wa lori azime injini, afunge breki, aweke kabari kwenye matairi na kukabidhi funguo kwa msimamizi, ili lori lisiondoke kazi ikiendelea. Makuli na utingo wakae nyuma ya mstari uliochorwa. Mtu akiuvuka, foklifti isimame.

Kikwazo ni malipo. Kuli anayelipwa kwa lori, si kwa saa, huona kusubiri ni kupoteza hela. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kuwalinda walio kazini. Kwa hiyo, kabla ya kumlaumu kuli kwa haraka yake, tumuulize mwenye ghala aliyepanga malipo hayo.