UHURU ILIPITA JUU YA BUNIA

Wakati wa kuchagua seksyoni umekaribia tena, na neno lile lile linasikika uwanjani: « Fizike haiko ya kwetu. Nyota ni mambo ya wazungu wenye mashini kubwa. » Sisi wa darasa la sayansi hatukubali, na tuko na sababu.

Siku ya posho, tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya. Waitalia ndio walioliendesha, nayo roketi ilibeba satelite ya Wamarekani. Siku ile Kenya ilikuwa inasherehekea miaka 7 ya uhuru wake. Basi Bi Marjorie Townsend, injinia aliyesimamia kazi, akaiita satelite UHURU. Neno letu kabisa!

Ilizunguka dunia kwa dakika 96 hivi, na haikwenda mbali na ikweta kupita digri 3. Tazameni ramani: Bunia iko digri 1 na nusu kaskazini. Ni kusema ilipita karibu na vichwa vya wazee wetu hapa Nyakasanza, mara 14 hivi kwa siku, na nani alijua? Njia ya ikweta haikuchaguliwa bure. Dunia yenyewe inaisukuma roketi mbele inapozunguka. Tena, kuna mahali upande wa Amerika ya Kusini ambapo chembe za umeme zinashuka chini na kusumbua mashini za kuhesabu. Anayefuata ikweta anaepuka sehemu kubwa ya matata hayo.

Na ndani kulikuwa nini? Hakukuwa kioo kikubwa cha kutazamia nyota. Kulikuwa masanduku ya gazi yenye nyuzi za umeme. Mwale wa X, ndugu ya ule unaopiga picha ya mfupa hospitalini, ukiingia unagonga gazi na kutoa elektroni. Elektroni zinakimbilia uzi, na mashini inahesabu pigo moja. Pigo kubwa, mwale wenye nguvu. Pigo dogo, mwale zaifu. Ndiyo hivyo tu. Hewa yetu inazuia miale hiyo isifike chini, ndiyo maana lazima kupanda. Riccardo Giacconi na wenzake walikuwa wamevumbua chanzo cha kwanza nje ya jamaa ya jua letu katika 1962, kwa roketi iliyotazama dakika chache tu. Uhuru ilitazama zaidi ya miaka 2, ikatoa orodha ya vyanzo 339. Kimoja, Centaurus X-3, kinapiga kila segonde 4,8 sawa moyo. Kingine, Cygnus X-1, leo wataalamu wanakihesabu kuwa shimo jeusi. Giacconi akapata Nobel katika 2002.

Wengine watatujibu: munaona! Bahari ilikuwa ya Kenya, jina la kwetu, lakini sifa ya uvumbuzi ilikwenda Marekani na Italia. Ni kweli, na inatuuma. Lakini kukimbia fizike hakutatuletea sifa hiyo.

Sisi tunaona ugonjwa uko pengine. Tunasoma miale kwa kukariri, ili tuchague herufi moja katika Examen d'Etat. Giacconi alianza Milano kwa kungoja chembe kutoka anga zipite katika chumba cha mvuke: kazi ya mikono na ya uvumilivu. Mbele yake, katika 1912, Victor Hess alipanda na baluni kupita metre 5 000, akiwa na vyombo vya kupima namna umeme unavyopotea polepole. Akaona kule juu unapotea mbio zaidi. Hivyo akajua kwamba miale inatoka angani.

Tunajua jibu: feza haiko. Lakini ndugu mdogo wa chombo cha Hess anatengenezwa kwa chupa ya mayonezi, kizibo kikavu, msumari na vipande viwili vyembamba vya aluminium. Kichana cha plastiki kilichosuguliwa kwenye nywele kinatoa umeme wa kutosha: vipande vinaachana, kisha vinarudiana polepole. Wakati wa mvua hewa yenye maji itatuharibia hesabu, basi tuanze kiangazi.

Ndiyo maana tunaomba Bwana Prefe na waalimu wetu: saa mbili kila siku ya posho kisha masomo, na kabati ya fizike ifunguliwe. Chupa tutaleta sisi wenyewe.