Maji Yafuate Ng'ombe, Si Ng'ombe Kufuata Mto

Tukijadili mifugo na mito katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mara nyingi tunaishia kuuliza nani afukuzwe na nani atozwe faini. Swali la samadi halipati nafasi, ilhali ndilo linalomgusa kila anayechota maji bondeni. Ng'ombe mmoja mkubwa hutoa zaidi ya kilo 10 za kinyesi kibichi kwa siku, na aingiapo majini kunywa, hunya na kukojoa humo humo. Kinyesi hicho hubeba bakteria na vimelea vya kuharisha. Kinapooza hula hewa ya oksijeni ambayo samaki wanaihitaji, na fosforasi yake huotesha mwani. Kwato nazo hubomoa kingo, na tope linalobaki huhifadhi vijidudu hadi mvua za kwanza ziyasombe yote kwa pamoja. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi tope wala naitrojeni, na kuni si bure.

Wapo watakaosema ng'ombe wa mababu walikunywa mtoni na watu hawakufa. Mbona hata viboko na tembo wa Hifadhi ya Burigi-Chato hunya majini? Ni kweli. Lakini makundi mengi yakinyweshwa kivukoni pale pale kila siku, kiangazi kizima, kijito chembamba hakipati muda wa kujisafisha. Ruvubu ni mto mkubwa na huzimua mengi kabla ya kukutana na mto Kagera karibu na Rusumo. Vijito vinavyochotwa na akina mama havina maji ya kuzimua kitu. Tena kuzimua si kuondoa: fosforasi husafiri na Kagera hadi Ziwa Victoria, ambako magugumaji huneemeka nayo. Sisemi magugumaji hayo ni kosa la ng'ombe wa Ngara. Udongo unaomomonyoka na majitaka ya miji yana sehemu yake, tena kubwa.

Pingamizi zito zaidi ni la mfugaji mwenyewe: nikikatazwa mtoni, ninyweshe wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, lakini katazo halichimbi lambo. Bila birika, faini ni kodi ya kiu tu. Na samadi yenyewe si taka: migomba ya vibanja, yaani mashamba ya nyumbani, vya mkoa wa Kagera imeishi kwa samadi vizazi na vizazi. Inayooza mtoni imeibwa shambani. Mifugo ikinyweshwa kwenye mabirika mbali na kingo, na mazizi yakikingwa kwa matuta ili mvua isiyaoshe kuelekea bondeni, mkulima na mchota maji watafaidika pamoja. Halmashauri hukusanya ushuru kwenye minada ya mifugo. Madiwani wa Ngara na Biharamulo watenge sehemu ya ushuru huo kwa ajili ya mabirika na malambo katika bajeti ijayo, kabla ya kuongeza faini nyingine.