Viza Inapofutwa Kabla Mtu Hajasikilizwa

Kwa Sheria ya Uhamiaji ya Australia ya mwaka 1958, kifungu cha 501, mgeni aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi huhesabiwa kuwa ameshindwa kigezo cha tabia njema. Hadi 2014 ofisa alikuwa na hiari: alipima mambo, kisha akaifuta viza au akaiacha. Mabadiliko ya Desemba mwaka huo yaliiondoa hiari hiyo. Mwenye rekodi ya namna hiyo, akiwa bado yumo gerezani, viza yake hufutwa kwa lazima, na utetezi wake husikilizwa baadaye.

Taarifa humfikia mfungwa gerezani. Tangu aipokee ana siku 28 za kuomba uamuzi utenguliwe, na siku haziongezwi. Humo atafute barua za mkewe na za mwajiri wa zamani, vyeti vya mafunzo ya kuacha ulevi, maelezo ya walimu wa watoto wake, mara nyingi bila wakili. Ofisa akikataa ombi, shauri linaweza kwenda kwenye baraza la mapitio. Waziri akikataa yeye mwenyewe, baraza halina kauli. Inabaki Mahakama ya Shirikisho, ambayo hukagua kama sheria ilifuatwa, si kama uamuzi ulikuwa wa haki.

Mwongozo wa Juni 2024 ambao maofisa huufuata katika maamuzi hayo unaweka usalama wa jamii mbele ya yote. Ukatili wa kifamilia, mizizi ya mtu nchini, maslahi ya watoto na matarajio ya jamii hupimwa pia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikataa hoja kwamba ufutaji huu ni adhabu ya pili.

Aliyebakwa au kujeruhiwa ana haki ya kulindwa, na hakuna taifa linalolazimika kumpa kila mgeni makazi ya kudumu. Lakini sheria inayofuta kwanza na kuuliza baadaye humweka aliyeingia akiwa mtu mzima fungu moja na aliyeingia akiwa mikononi mwa mama. Hata kabla ya mabadiliko ya 2014, mtu mmoja aliyezaliwa Sweden alifika Australia hajatimiza mwezi, akakulia huko, kisha baada ya makosa mazito akapelekwa Sweden, ambako hakuijua hata lugha. Mwaka 2011 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua kwamba haki zake zimevunjwa, kwa kuwa Australia ndiyo iliyokuwa nchi yake. Hatari hiyo inawagusa pia watoto wa wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, maana ukaazi wa kudumu haugeuki kuwa uraia peke yake; uraia huombwa.

Wapo pia wasio na pa kurudishwa. Novemba 2023 Mahakama Kuu iliamua kwamba mtu asiyetarajiwa kuondolewa nchini karibuni hawezi kuwekwa katika kizuizi cha uhamiaji bila kikomo, ikaitengua hukumu yake ya 2004.

Msimamo wa toleo hili ni kwamba hiari irudishwe kwa ofisa, mfungwa asikilizwe kabla viza haijafutwa, na aliyelelewa nchini tangu utotoni abaki chini ya magereza na mahakama za nchi hiyo. Mhalifu aliyelelewa na Australia ni jukumu la Australia, na kumhamishia kwa jamii isiyomjua hakupunguzi hatari yake. Kunaibadilishia tu mahali.