ZIWA LINALOPITWA KWA BASI

Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la John Pombe Magufuli lilifunguliwa rasmi kati ya Kigongo na Busisi, na adha ya vivuko iliyowasumbua wasafiri wa Sengerema, Geita na Kagera kwa miaka mingi ikafikia kikomo. Kilomita 3 za maji sasa huvukwa kwa dakika chache. Hakuna mwenye akili timamu atakayeililia foleni ile.

Hata hivyo, kwa watumishi wengi wa kanda hii kivuko ndicho kilichowakutanisha na Ziwa Victoria. Mwalimu wa Geita aliyekwenda Mwanza alilazimika, apende asipende, kusimama ukingoni na kuyatazama maji. Leo huyapita akisinzia ndani ya basi. Mwenzake wa Shinyanga hunywa maji ya ziwa hilo hilo yanayovutwa kwa bomba kutoka Ihelele, na huenda akastaafu bila ya kuliona.

Upo woga, nao una sababu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia wakapoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, ikaua watu zaidi ya 200. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimepakia kupita kiasi. Kumshauri mzazi ampeleke mwanawe majini kwa matembezi, bila ya kutaja jaketi okozi, ni kumfanyia dhihaka.

Lakini kulikimbia ziwa si dawa. Ndani ya Mkoa wa Geita kipo Kisiwa cha Rubondo, Hifadhi ya Taifa tangu 1977, ambako sokwe walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969 waliachiwa porini, wakazaliana. Mashua huondoka Muganza, wilayani Chato. Wageni husafiri nusu ya dunia kuwaona sokwe hao. Mwanafunzi wa Geita huwasoma kitabuni, kama kitabu kipo.

Tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, mwenye leseni ya uchimbaji hana budi kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kuihudumia jamii. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na ndivyo ipasavyo. Gati dogo la saruji Nkome au Nungwe, mashua mbili zilizokaguliwa na TASAC, na jaketi okozi za kulitosha darasa zima, nazo si anasa. Maafisa elimu wa Geita na Shinyanga wayaandike maombi hayo sasa, kabla mipango ya mwaka ujao haijafungwa. Na nahodha atakayepakia zaidi ya idadi iliyoruhusiwa ashushwe pale pale gatini, wanafunzi wakiona.