NANI ANA UFUNGUO WA KABATI?



Katika shule moja wanamosoma watoto wengi wa watu wa reli liko kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ndani yake mna vishikwambi, ambavyo watoto wenyewe waviita tableti, na mashine ya kutupa picha ukutani. Twajua kwamba vimo kwa sababu siku moja sisi wazazi tuliitwa kulihamisha kabati hilo kutoka chumba kimoja hadi kingine, na lilikuwa zito kweli kweli. Tulishukuriwa, tukaenda zetu. Tangu siku hiyo hatujaitwa tena kwa habari ya kabati.

Kwa habari nyingine twaitwa kila siku. Ndugu yetu mmoja, gadi wa gari la mizigo, alirudi nyumbani alfajiri, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akamkuta mtoto wake wa Gredi ya 3 analia. Usiku, saa tatu, mwalimu alikuwa amepeleka ujumbe katika kundi la WhatsApp la wazazi: kesho kila mtoto aje na picha sita za rangi za wanyama wa porini, zilizopigwa chapa. Mama wa mtoto ana simu ya kabambe, ambayo WhatsApp haiingii. Habari aliipata kwa jirani asubuhi saa kumi na moja. Saiba hufunguliwa saa mbili. Gadi akasimama mlangoni pa saiba na nguo zake za kazi mpaka ikafunguliwa, akalipa fedha iliyokuwa ya unga, akamkimbiza mtoto shuleni. Mtoto akaambiwa amechelewa, akasimamishwa nje mpaka saa ya mapumziko, simba na twiga wake mkononi.

Ndugu, simba na twiga hao wangeonyeshwa darasa zima, bure, kwa dakika kumi, kwa ile mashine iliyo kabatini. Gadi aliuliza jambo hilo. Mwalimu wa darasa akasema ufunguo anao mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akasema vyombo vyangojea fundi. Na fundi angojea nani? Hapo hakuna aliyejibu.

Tukumbuke mambo haya yalivyoanza. Katika kampeni za uchaguzi wa 2013 tuliahidiwa kwamba kila mtoto aingiaye darasa la kwanza atapata kompyuta yake. Zabuni ikavunjika mwaka 2014 baada ya mabishano mengi. Ahadi nayo ikageuka: kompyuta zikawa vishikwambi, tena si vya mtoto bali ni vya shule, na kuanzia 2016 vikagawanywa, zaidi ya milioni 1, katika shule za msingi zaidi ya 21,000. Stima ikavutwa mpaka shule nyingi ambazo hazikuwa nayo, na mahali ambapo waya haukufika ikawekwa ya jua. Hiyo ni kazi kubwa na hatuikatai. Lakini sisi tuliozaa watoto hao hatukuulizwa neno, wala hatukuambiwa vyombo ni vingapi katika shule yetu, vitatumika siku gani, na vikiharibika atatengeneza nani.

Kisha mwaka 2019 mtaala wa umilisi, CBC, ukaanza nchi nzima, na ndani yake mzazi akatajwa kwa heshima, kwamba yeye ni mwenzi wa mwalimu. Tulifurahi. Katika shule za misheni tulizosoma sisi, mzazi alionekana mara mbili, siku ya kumleta mtoto na siku ya kumchukua amefukuzwa. Tukasema, sasa tumefunguliwa mlango. Lakini ushirika wenyewe ni wa nini? Ni wa kununua karatasi za manila, kununua gundi, kununua bando, kupiga chapa saiba. Huyo si mwenzi. Huyo ni mlipaji, na mlipaji asiyeonyeshwa hesabu.

Korona ilitufunulia zaidi. Shule zilifungwa Machi 2020, na watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Tuliambiwa masomo yako redioni, yako kwenye televisheni, yako mtandaoni. Treni za abiria za Mombasa zilisimama kutoka Aprili mpaka Julai mwaka ule, lakini za mizigo hazikusimama, na watu wake hawakusimama. Katika nyumba zetu nyingi simu ya maana ilikuwa moja, nayo ilikuwa mfukoni mwa baba, na baba yuko njiani. Mtoto angesoma mtandaoni kwa kutumia nini? Watoto wa wakubwa walikuwa na kompyuta mezani na mtu wa kuwaelekeza. Na vishikwambi vya shule tunayoisema vilikaa kabatini miezi hiyo yote, vikilindwa na askari wa usiku.

Kuna watu watakaosema kwamba sisi twachukia mashine. Watu wa reli wachukie mashine! Mkate wetu watoka katika mashine. Lakini twajua pia jinsi mashine mpya inavyoingia kazini. Wazee wetu walipotoka kwenye injini za mvuke wakaingia kwenye dizeli, hakuna aliyepewa dizeli asubuhi akaambiwa utajifunza njiani. Na injini yenyewe ina karakana, ina vipuri, ina kitabu chake cha matengenezo. Treni ikitoka bila kukaguliwa breki, kuna mtu atakayeulizwa kwa jina lake. Vishikwambi vilikwenda mashuleni vyama vya wazazi havina habari, waalimu wengi wamepewa mafunzo ya siku chache tu, na huko mbele hakuna karakana. Nchi ya Peru ilipita njia hiyo kabla yetu. Iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wengi sana, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ukaonyesha kwamba watoto waliozipata hawakuwazidi wenzao katika hesabu wala katika kusoma. Kompyuta hazikuwa mbovu. Zilipelekwa tu, zikaachwa.

Hatumlaumu mwalimu wa darasa. Naye ni mfanya kazi kama sisi, ana watoto sabini mbele yake, na ujumbe wa saa tatu ya usiku huenda yeye mwenyewe aliutuma akiwa bado anasahihisha madaftari. Mwalimu mkuu naye aogopa. Chombo kimoja kikiibwa ataulizwa yeye, kwa hiyo aona heri kioze ndani ya kufuli kuliko kipotee mkononi mwa mtoto. Twaielewa hofu hiyo. Hata hivyo hofu ya mtu mmoja haiwezi kuwa ndiyo ratiba ya masomo ya watoto mia saba.

Basi dawa iko wapi? Sehemu moja iko katika sheria, na tumeiacha imelala. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yasema kuwa kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa Chama cha Wazazi cha shule hiyo. Katika bodi ya shule viko viti 6 vya watu waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi. Viti sita, ndugu! Hakuna kundi jingine katika bodi lenye vingi hivyo. Anayekaa hapo ana haki ya kuuliza kabati lina nini.

Na sasa tujiseme wenyewe. Siku ya uchaguzi wa wazazi katika shule hiyo walifika watu wa reli wanne. Wengine walikuwa zamu, wengine walikuwa wamelala baada ya zamu, na wengine, tuseme kweli, walikuwa kwenye bao wakisema kwamba mambo ya shule ni ya akina mama. Wako pia waliosema, sisi hatukusoma sana, tutasema nini mbele ya waalimu? Mtu anayesoma taa za ishara gizani akiwa na tani elfu nyuma yake ashindwe kuhesabu tableti! Mkutano uliitishwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Waliochaguliwa ni watu wenye nafasi Jumatano saa tatu asubuhi, na mmoja wao ndiye mwenye duka la sare za shule. Hatusemi ni mtu mbaya. Twasema hatauliza bei ya sare.

Sehemu ya pili ya dawa ni ya Chama chetu. Sheria ya Ajira ya 2007 yatupa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, miezi 3 kwa mama aliyezaa na wiki 2 kwa baba. Ya kwenda kukaa katika mkutano wa shule haitupi hata saa moja. Lakini sheria ni kima cha chini, na mapatano ya kazi yaweza kuongeza. Twataka katika mapatano yajayo Chama kidai nusu siku kila muhula, yenye malipo, kwa kila mfanya kazi aliye na mtoto shuleni, naye alete barua ya shule kuwa ushahidi. Yuko atakayesema kwamba Chama ni cha mishahara, si cha shule. Na fedha ya saiba yatoka wapi, kama si katika mshahara ule ule tuliougombania?

Kwa shule twaomba mambo ambayo hayana gharama. Kabati lifunguliwe mbele ya wazazi na waalimu, vyombo vihesabiwe, vizima na vibovu, na hesabu ibandikwe ukutani. Mikutano ya wazazi iwe Jumamosi mchana. Kazi yoyote inayohitaji mashine ifanywe shuleni kwa mashine ya shule, na ile ya nyumbani iandikwe kwenye daftari la mtoto kabla hajatoka darasani, ili mwenye simu ya kabambe aisome sawasawa na mwenye simu ya bei. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema elimu ya msingi ni ya bure na ya lazima. Mtoto asisimamishwe nje kwa sababu ya mlango wa saiba.

Jambo hili litaletwa katika mkutano ujao wa tawi. Kila mwenye mtoto aje na orodha ya vitu vyote alivyolipia muhula huu, picha, karatasi na bando, pamoja na bei yake, tuijumlishe mbele ya Katibu. Ndugu yetu gadi amekwisha andika yake nyuma ya karatasi ya mshahara, na ameujaza ukurasa mzima.