Ziwani kulikuwa na mitumbwi mingine



Katika Injili ya Marko (4:35-41) imo safari ambayo sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunaielewa bila kufafanuliwa sana. Jioni imeingia, Yesu anawaalika wanafunzi wavuke kwenda upande wa pili wa ziwa. Upepo unavuma, mawimbi yanaingia chomboni, naye amelala. Mahubiri mengi huishia kwenye imani haba ya wanafunzi. Lakini Marko ametaja jambo dogo ambalo wengi tunalipita: jioni ile kulikuwa na mitumbwi mingine iliyofuatana naye. Hatuambiwi nani walikuwamo. Upepo uliwapiga na wao, na ulipotulia, ulitulia kwa wote.

Nimekulia Igogo, hapa Mwanza, miaka ya 1970 na 1980. Magari yalikuwa machache, mafuta haba, kwa hiyo mji tuliujua kwa miguu. Tulikwenda mjini ziwa likiwa kushoto kwetu na mawe makubwa ya vilimani yakiwa kulia. Njiani uliwajua watu na watu walikujua. Usipomwamkia mama aliyebeba beseni la samaki, "mwangaluka", habari ilifika nyumbani kabla yako. Aliyekuwa na baiskeli alimbeba jirani, na dereva wa lori alipandisha wazee kwanza, sisi watoto tukakaa juu ya magunia.

Safari ya kwenda Sengerema ilipitia kivuko cha Kigongo-Busisi. Hapo ulisubiri, wakati mwingine nusu ya siku. Watu wasiojuana waligawana mihogo na maji ya kunywa. Mgonjwa akiletwa kwenda Hospitali ya Bugando, foleni nzima ilimpisha. Hakuna aliyesoma tangazo. Kila mmoja alijua kwamba kesho mgonjwa anaweza kuwa wa kwake.

Simwambii mtu kwamba zamani kulikuwa kuzuri kuliko sasa. Tangu Juni 2025 tunapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na mgonjwa yule anavuka kwa dakika chache. Hiyo ni neema, tumshukuru Mungu. Swali langu ni hili: tumevuka maji kwa haraka, je, na yule tunayesafiri naye bado tunamwona?

Ziwa letu limetufundisha kwa machozi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, wakafa watu wanaokadiriwa kufikia 800 au zaidi. Wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu 228 katika kivuko kilichotengenezwa kubeba abiria 100 hivi. Misibani tulisikia wengi wakisema ni mapenzi ya Mungu. Ndugu zangu, tusimbebeshe Mungu mzigo tulioupakia wenyewe. Mungu hakuhesabu abiria vibaya, wala si yeye aliyesema, "Sogeeni, bado pana nafasi."

Neno hilo bado tunalisikia kila asubuhi. Konda analisema mlango wa daladala ukiwa haufungi. Huyohuyo anamsukuma mwanafunzi abaki kituoni kwa sababu nauli yake ni ndogo, na sisi tulioketi tunatazama dirishani. Kijana wa bodaboda anabeba mishikaki, baba, mama na mtoto katikati, bila kofia ngumu. Mwenye mtumbwi anawapeleka watu visiwani bila jaketi za kujiokolea, kwa kuwa upepo umetulia leo.

Wengine hudhani hayo ni ya polisi wa usalama barabarani tu. Kanisa halisemi hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaweka chini ya amri ya tano, ile inayokataza kuua, kosa la wanaohatarisha maisha yao na ya wengine kwa ulevi au kupenda mwendo kasi, barabarani, majini na angani. Ni jambo la kulipeleka kitubioni.

Basi, nahodha, dereva, konda: chombo kikijaa, kataa, hata kama fedha iko mkononi mwa abiria. Mmiliki, usimwekee dereva hesabu ya siku ambayo haiwezi kutimia bila kujaza watu. Nasi abiria tuna sehemu yetu. Tuseme kwa heshima, "Kijana wangu, imetosha." Tuseme, "Mpandishe mwanafunzi huyu." Wakitunyamazisha, tushuke. Msamaria yule (Lk 10:34) alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, maana yake yeye mwenyewe aliendelea kwa miguu. Upendo ulimgharimu kiti chake.

Leo wengi wetu tutapanda chombo fulani baada ya Misa. Tukishakaa, tumtazame aliye kando yetu. Kristo yumo chomboni mwetu, lakini anaiona na mitumbwi mingine.

Nawatakia Dominika njema na safari salama.