Nani Amchagulie Mwanafunzi Somo?

Imeingia desturi mbaya miongoni mwa wana wetu waendao kusoma Marekani, na kwa kuwa wengi huiita busara, sina budi kuipinga kwa maandishi. Desturi yenyewe ni kumchagulia kijana somo kuu la shahada kwa kutazama orodha iliyotungwa na serikali ya huko kwa ajili ya mambo ya viza.

Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 akihitimu huweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi kwa miezi 12. Kanuni ya mwaka 2016 ilimwongezea miezi 24 yule aliyesoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati. Aliyesoma historia au fasihi hakuongezewa hata siku moja. Basi wajomba na mashangazi hukutana, na kabla kijana hajapanda ndege amekwisha amriwa: kasome kompyuta.

Hebu tuitazame orodha hiyo inayoogopwa kama hukumu. Januari 2022 iliongezwa fani 22, misitu ikiwamo. Miti haikubadilika, karani ndiye aliyebadili karatasi. Uchumi una ajabu kubwa zaidi. Kwa jina lake la kawaida haumo. Ukiandikishwa kwa namba ya ekonometriki, yaani uchumi wa kupimwa kwa hesabu, umo. Vyuo kadhaa, Yale kikiwa kimoja, vilibadili namba hiyo, na mwanafunzi aliyelala mchumi akaamka mwanasayansi. Na miezi 36 ikiisha? Mwajiri hana budi kumwombea viza ya kazi ambayo hesabu yake ina mpaka: 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa wenye shahada za juu za Marekani. Maombi yakizidi, hupigwa kura. Ati hiyo ndiyo salama tunayoinunua kwa akili ya mtoto!

Walakini hasara kubwa ni nyingine. Kwetu mwombaji huchagua shahada kabla hajauona mlango wa chuo. Katika vyuo vingi vya Marekani halazimiki kutaja somo kuu mpaka mwisho wa mwaka wa pili. Huonja falsafa, takwimu, elimu ya mimea, kisha huamua. Uhandisi, na kompyuta katika baadhi ya vyuo vikubwa, hufunga milango mapema, na azipendaye kweli fani hizo na aziombe mapema. Wangari Maathai alifika Kansas mwaka 1960, akasoma biolojia na kuongeza kemia na Kijerumani. Nani nyumbani angalimwagiza Kijerumani? Miaka miwili hiyo ya kuonja ni sehemu ya karo tuliyolipa, nasi twaitupa baharini.

Nitasemwa kuwa mwalimu wa Kiswahili huvutia wanafunzi darasani kwake. Naam, navutia. Lakini nilipata kumwona kijana wa pwani aliyesoma tenzi za hati ya Kiarabu kwa wepesi kunishinda mimi mwenye udaktari. Bibi yake alimfundisha. Somo lake kuu lilikuwa kompyuta, na hisabati ya chuo ilimwangusha mara mbili. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona usihamie isimu?" Akajibu, "Mwalimu, ukoo umeuza shamba."

Sikuwa na jibu siku ile. Jibu ninalo sasa. Shamba liliuzwa ili asome, na anayeanguka hasomi. Tena mwenye viza ile hulazimika kuchukua masomo kamili kila muhula. Akiachishwa chuo kwa alama mbaya, viza haimsitiri, na orodha yote ya serikali haimfai kitu. Angaliweza kusoma isimu na kuongeza takwimu kidogo kidogo. Njia hiyo ilikuwa wazi, wala hapana aliyemwonyesha, mimi nikiwa mmojawapo. Alirudi nyumbani katika mwaka wa tatu bila ya shahada.

Kwa hiyo nawaomba walezi wafungao mizigo ya watoto mwezi wa Agosti: mwacheni aende bila ya somo mfukoni. Mwaka wa kwanza ukiisha mpigieni simu, mwulizeni ni darasa gani aliloliwahi kabla ya mwalimu kufika, na mumwache amalize kusema kabla hamjataja shamba.